Taarifa Iliyokatika: Jinsi Badiliko Moja la Jeni Linavyovuruga Mafuta ya Panya wa Maabara

Kila habari za sayansi zinapotangaza kwamba "jeni ya unene" imepatikana kwa panya wa maabara, mjadala hugawanyika upesi. Wapo wanaosema basi unene ni wa kuzaliwa nao, mtu asijisumbue. Wapo wanaosema hayo ni mambo ya panya, hayatuhusu. Na wapo wanaoanza hapohapo kuulizia kidonge. Wote wanajibu swali ambalo bado halijaeleweka. Jeni ikiharibika haianzi kumwaga mafuta mwilini. Kwa panya anayejulikana kuliko wote katika utafiti huu, kilichotokea ni kukatika kwa taarifa moja, ile inayouambia ubongo kwamba akiba ipo ya kutosha. Mwili usiopata taarifa hiyo hujiendesha kama mwili wenye njaa, hata ukiwa umejaa mafuta kila upande. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, na seli huzisoma tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu linataja asidi amino moja ya kuongezwa kwenye protini, isipokuwa makundi matatu ambayo maana yake ni "ishia hapa". Badiliko la jeni ni tofauti yoyote katika mpangilio huo: herufi moja kugeuka nyingine, herufi kudondoka, au kipande kizima kuongezeka. Mengi ya mabadiliko haya hayana madhara. Umetaboli wa mafuta, kwa upande wake, ni kazi yote ambayo mwili huifanya juu ya mafuta: kuyatengeneza, kuyasafirisha kwenye damu, kuyaweka akiba, na kuyachoma yanapohitajika.

Wengi hudhani mafuta ya mwilini hutokana na chakula chenye mafuta peke yake. Sivyo. Ini lina uwezo kamili wa kuyatengeneza kutokana na sukari. Glukosi huvunjwavunjwa hadi kuwa asetili-KoA, molekuli yenye kipande cha kaboni mbili. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho ACC huigeuza hiyo kuwa malonili-KoA, na kimeng'enya kingine huunganisha vipande kimoja kimoja mpaka upatikane mnyororo wa kaboni 16, yaani asidi ya mafuta. Asidi tatu za namna hiyo zikifungwa kwenye gliseroli ndiyo triglisaraidi, mafuta ya akiba yenyewe. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 hivi, ilhali gramu ya wanga hubeba 4, kwa hiyo akiba ya muda mrefu huwekwa kwa mafuta.

Malonili-KoA ina kazi ya pili, na inafaa kukumbukwa kwa sababu tutairudia. Ikiwa nyingi, huzuia asidi za mafuta zisiingie kwenye mitokondria, ambako ndiko huchomwa. Kwa hiyo seli ya ini inapokuwa mbioni kutengeneza mafuta, papo hapo huwa imejizuia kuyachoma. Ni mpango wa busara kwa mwili wenye afya. Kwa mwili uliokosa taarifa, mpango huohuo ndio unaojaza ini mafuta.

Panya wa 1949

Mwaka 1949, katika Jackson Laboratory mjini Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, watunza panya waliona baadhi ya watoto wakinenepa kupita kiasi. Tabia hiyo ilirithiwa kwa utaratibu unaoashiria jeni moja, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwa kifupi cha ob, kutoka neno la Kiingereza obese, yaani mnene. Panya mwenye nakala mbili mbovu, moja kutoka kwa kila mzazi, huandikwa ob/ob. Mwenye nakala moja tu mbovu huwa na umbo la kawaida na huzaa bila shida, na hilo lina maana kubwa kwa wafugaji wa maabara, kwa sababu panya wa ob/ob kwa kawaida hazai. Ili kuwapata, hupandishwa wabebaji wawili, yaani wenye nakala moja mbovu kila mmoja, na kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne ndiye hutoka ob/ob. Wakiwa wachanga huwezi kuwatofautisha kwa macho. Hukatwa kipande kidogo cha sikio au ncha ya mkia, DNA ikasomwa, ndipo wakajulikana. Kufikia wiki ya 4 hivi umbo lenyewe linaanza kusema.

Panya wa kawaida aliyekomaa wa ukoo huu ana uzito wa gramu 25 hadi 30. Mwenzake wa ob/ob anaweza kufikia mara mbili hata mara tatu ya hapo, na nusu ya uzito wake au zaidi ikawa ni mafuta. Ana insulini nyingi kwenye damu, joto la mwili wake liko chini kidogo, na anasogea kwa shida.

Mwaka 1966, katika taasisi hiyohiyo, akatangazwa panya mwingine mnene, wa db (kutoka diabetes, kisukari), ambaye juu ya unene alikuwa na kisukari kikali. Kwa kumtazama tu alifanana na wa ob. Swali likawa: je, ugonjwa ni mmoja au ni miwili tofauti? Douglas Coleman, mtafiti wa hapohapo, alilijibu kwa majaribio ya kuunganisha panya wawili ubavu kwa ubavu kwa upasuaji, ili damu yao ichanganyike polepole. Ni majaribio mazito, na kwa upande wa panya yalikuwa na gharama, lakini jibu lilitoka wazi kabisa. Panya wa kawaida alipounganishwa na wa db, yule wa kawaida aliacha kula akafa kwa njaa, huku wa db akibaki na unene wake. Wa ob alipounganishwa na wa kawaida, wa ob alipunguza kula na uzito wake ukashuka. Wa ob alipounganishwa na wa db, wa ob ndiye aliyeacha kula akafa.

Coleman alihitimisha kwamba kuna kitu kwenye damu kinachozuia hamu ya kula. Wa ob hakitengenezi, ila akikipata anakisikia. Wa db anakitengeneza kwa wingi wa kupindukia, ila hakisikii. Fikiria tangi la maji lenye boya: maji yakipanda, boya hupanda nayo na mkono wake hufunga koki. Panya wa ob hana boya, hivyo koki iko wazi muda wote. Panya wa db analo boya, tena limepanda hadi juu kabisa, lakini mkono wa kuifikia koki umekatika. Ukiyatazama matangi yote mawili kwa nje utaona jambo moja tu: maji yanafurika. Lakini kumletea boya jipya aliyekatika mkono hakutamsaidia chochote.

Herufi moja

Kitu chenyewe kilipatikana Desemba 1994, pale Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipotangaza kuwa wameisoma jeni ya ob. Ipo kwenye kromosomu ya 6 ya panya, na maelekezo yake ni ya protini ya asidi amino 167. Asidi amino 21 za mwanzo hukatwa protini inapotolewa nje ya seli, zikabaki 146 zinazoingia kwenye damu. Homoni hiyo ikaitwa leptini, na hutengenezwa hasa na seli za mafuta zenyewe. Hapo ndipo mtazamo wa sayansi juu ya mafuta ulipogeuka: tishu iliyodhaniwa ni stoo tu ikaonekana kumbe inazungumza na ubongo.

Badiliko la panya wa 1949 ni herufi moja, katika mpangilio wenye herufi zaidi ya bilioni 2.5. Kwenye nafasi ya asidi amino ya 105, kundi CGA limekuwa TGA. CGA inataja ajinini. TGA inasema ishia hapa. Protini inakatika kabla ya kukamilika, na kipande kilichobaki hakina kazi. La kugusa zaidi ni kwamba seli za mafuta za panya huyu huandika ujumbe wa jeni hiyo, yaani nakala inayosomwa ili protini itengenezwe, kwa wingi unaokaribia mara 20 ya kawaida. Zinajitahidi kupeleka taarifa, lakini kila nakala inayoandikwa ina kasoro ileile.

Kwa db, tatizo liko kwenye jeni ya kipokezi cha leptini, yaani protini ya seli inayoishika leptini na kupeleka taarifa yake ndani, kwenye kromosomu ya 4. Herufi moja, G kuwa T, inafanya seli iunganishe vibaya ujumbe wa jeni, herufi 106 zisizotakiwa zikaingizwa kati. Matokeo yake ni kipokezi chenye kichwa kizima nje ya seli lakini mkia wake wa ndani umekatwa ukawa mfupi mno. Leptini inashikwa vizuri, ila taarifa yake haifiki ndani ya seli.

Mwaka 1995 leptini ilidungwa kwa panya wa ob/ob kila siku, na baada ya wiki mbili uzito wao ulikuwa umeshuka kwa asilimia 30. Walipunguza kula na matumizi yao ya nishati yakapanda. Kwa panya wa db/db, sindano zilezile hazikufanya lolote, kama Coleman alivyotabiri zaidi ya miaka 20 nyuma.

Ulafi peke yake hauelezi

Maelezo yanayopendwa ni kwamba panya huyu ananenepa kwa sababu anakula sana. Anakula sana kweli. Kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, kuna seli za neva zinazochochea njaa na nyingine zinazoleta shibe. Leptini huzituliza za kwanza na kuziamsha za pili. Ikikosekana, njaa hubaki imewashwa mchana na usiku.

Lakini kipo kipimo kinachovunja hoja ya ulafi. Chukua panya wa ob/ob na ndugu yake wa kawaida. Pima chakula anachokula wa kawaida leo, mpe wa ob/ob gramu zilezile kesho, na uendelee hivyo kwa wiki kadhaa. Panya wa ob/ob bado atakuwa na mafuta mengi kuliko ndugu yake, na misuli michache. Chakula ni kilekile, lakini mgawanyo wa kinachoingia ni tofauti. Mwili wake umekwishaamua kwamba kuna njaa, na mwili wenye njaa hubana matumizi.

Mahali pa kwanza unapobana ni joto. Panya ni mnyama mdogo anayepoteza joto haraka, na sehemu kubwa ya nishati yake huenda kwenye kujipasha. Kazi hiyo hufanywa na mafuta ya kahawia, tishu yenye mitokondria nyingi na protini ya UCP1, ambayo huchoma mafuta na kutoa joto tupu. Ubongo usiosikia leptini hupunguza amri kwa tishu hiyo. Mchukue ghafla panya wa ob/ob umweke kwenye nyuzi joto 4, joto lake litaporomoka na anaweza kufa ndani ya saa chache. Ukimzoesha baridi taratibu, huweza kustahimili. Hilo linaonyesha kwamba mtambo wenyewe upo, amri ndiyo haipo.

Mahali pengine ni ini, na hapa mambo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Insulini ina kazi mbili kubwa kwenye ini: kuliambia liache kutoa glukosi, na kuliambia litengeneze mafuta. Kwa panya wa ob/ob, ini huacha kuisikia amri ya kwanza lakini linaendelea kuitii ya pili. Glukosi inazidi kumwagwa kwenye damu, kongosho linajibu kwa kuongeza insulini, na kila nyongeza ya insulini inasukuma utengenezaji wa mafuta. Malonili-KoA inapanda, uchomaji unazuiwa, na matone ya mafuta yanajaa kwenye seli za ini mpaka ini lenyewe linapauka na kuvimba. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Mwaka 2002 kundi la Friedman lilionyesha kwamba leptini hukandamiza kimeng'enya cha ini kiitwacho SCD1. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuweka muungano maradufu, yaani kifungo cha pili kati ya kaboni mbili, kwenye mnyororo wa asidi ya mafuta, kati ya kaboni ya 9 na ya 10, hatua inayorahisisha mafuta kufungwa na kuwekwa akiba. Panya wa ob/ob waliokosa pia jeni ya SCD1 walikuwa na mafuta kidogo zaidi, ini lao lilikaribia la kawaida, na walitumia nishati nyingi zaidi. Yaani badiliko la pili la jeni lilipunguza makali ya lile la kwanza. Ndiyo maana usemi wa "jeni ya unene" unapotosha: zipo jeni ambazo zikiharibika mnyama hunenepa, na zipo ambazo zikiharibika hukonda, kutegemea ziko upande gani wa njia hii.

Namna ya kupima, na yanayoharibu kipimo

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu haukuambii kilichoongezeka ni mafuta, misuli au maji. Maabara nzuri hupima mafuta na nyama kila kimoja kwa mashine, kisha panya huwekwa kwenye kizimba kinachopima oksijeni anayoitumia na kaboni dayoksaidi anayoitoa. Gawanya kaboni dayoksaidi kwa oksijeni. Jibu likikaribia 1.0, mwili unachoma wanga. Likikaribia 0.7, unachoma mafuta. Panya wa kawaida huyumba kati ya hizo mbili kila siku: usiku akila hupanda, mchana akilala hushuka.

Makosa yanayojirudia ni machache lakini ni makubwa. La kwanza ni joto la chumba. Panya hujisikia vizuri karibu na nyuzi 30, ilhali maabara nyingi huwekwa 20 hadi 22 kwa ajili ya starehe ya watu. Panya wa maabara hizo wako kwenye baridi ya kudumu, na badiliko la jeni linalogusa mafuta ya kahawia linaweza kuonyesha matokeo makubwa kwenye nyuzi 22 yakapungua au kugeuka kwenye 30.

La pili ni kugawa matumizi ya nishati kwa uzito wote wa mwili. Mafuta hutumia nishati kidogo kuliko misuli au ini, kwa hiyo panya mnene akigawanywa kwa gramu zake zote huonekana kama mwenye umetaboli uliolala, hata pale matumizi yake ya siku nzima yanapokaribiana na ya ndugu yake. Kipimo cha haki hulinganisha wanyama kwa kuzingatia kiasi cha nyama na cha mafuta, kila kimoja kwa nafasi yake.

La tatu ni ukoo. Badiliko la ob likiwekwa kwa panya wa ukoo wa C57BL/6J huleta unene mkubwa na sukari iliyopanda kwa muda tu, kwa sababu kongosho huongeza seli za insulini na kumudu. Likiwekwa kwa ukoo wa karibu, C57BLKS/J, kongosho huchoka na kisukari huwa kikali. Herufi ni ileile, ugonjwa ni mwingine. Anayelinganisha panya wenye badiliko na panya wa kawaida walionunuliwa kwingine, badala ya ndugu wa tumbo moja waliolelewa pamoja, hana namna ya kujua anapima jeni gani.

Kwa binadamu

Jeni ya leptini tunayo, kwenye kromosomu ya 7. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliokosa herufi moja ya G katika jeni hiyo. Mmoja, akiwa na miaka 8, alikuwa na kilo 86. Walikuwa na njaa isiyokoma, na leptini kwenye damu yao ilikuwa karibu na sifuri. Sindano za leptini zilibadili maisha ya watoto wa namna hii: hamu ya kula ilitulia, na uzito uliopungua ulikuwa karibu wote ni mafuta. Watoto hawa walikuwa wagonjwa, si walafi, na miaka yote kabla ya kipimo hicho hakuna aliyeweza kuwathibitishia hilo.

Lakini hali yao ni nadra mno. Watu wengi wanene wana leptini nyingi, si kidogo, kwa sababu mafuta mengi huitoa kwa wingi. Wako karibu zaidi na panya wa db kuliko wa ob, ingawa kipokezi chao kwa kawaida ni kizima, na udhaifu uko katika namna taarifa inavyopokewa na kufanyiwa kazi kwenye ubongo. Ndiyo sababu majaribio ya kuwaongezea leptini yalileta upungufu mdogo wa uzito, tena usiolingana kati ya mtu na mtu.

Wanaonufaika wazi ni watu waliokaa upande wa pili kabisa: waliozaliwa bila tishu ya mafuta, au walioipoteza karibu yote kwa ugonjwa. Wanaonekana wakondefu, lakini ini lao limejaa mafuta, na sukari na insulini ziko juu, kama kwa panya wa ob/ob. Hawana pa kutengenezea leptini. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha leptini ya kutengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hawa. Hutolewa kwa sindano chini ya ngozi, kila siku, kwa uangalizi wa daktari. Leptini ni protini, na protini ikimezwa huvunjwa na tumbo na utumbo sawasawa na chakula kingine, kwa hiyo kidonge au unga unaouzwa kwa madai ya kuongeza leptini haufikishi homoni hiyo kwenye damu ya mtu yeyote.